Nairobi hadi New York: Kilomita 11,840, saa 15 angani

UMBALI wa angani kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), jijini Nairobi, na ule wa John F. Kennedy (JFK), jijini New York nchini Marekani, ni takriban kilomita 11,840, sawa na maili 7,360.

Ndege isiyotua popote njiani hutumia takriban saa 15 kutoka Nairobi hadi New York, na takriban saa 14 inaporudi. Msafiri anayebadilisha ndege Ulaya au Mashariki ya Kati hutumia saa 18 hadi zaidi ya saa 24, kutegemea muda anaokaa akisubiri ndege ya pili.

Hizo ndizo takwimu za msingi. Hata hivyo, msafiri anayezijua hizo pekee bado anaweza kukosa ndege, kufika siku moja baada ya mtihani au mahojiano, au kutua nyumbani jeneza la mzazi wake likiwa limeshafukiwa. Sababu ni kwamba kati ya miji hii miwili hubadilika saa, hubadilika tarehe, na upepo nao una kauli yake.

Njia fupi haifuati rula

Anayechukua ramani ya ukutani na kuweka rula kati ya Nairobi na New York ataona mstari ukipita juu ya Nigeria, Mali na Mauritania kabla ya kuingia Bahari ya Atlantiki. Hiyo siyo njia fupi.

Dunia ni mviringo, na ramani bapa huivuta na kuipanua kadiri mtu anavyokwenda mbali na ikweta. Anayetaka kuiona njia fupi ya kweli achukue tufe la darasani na kuvuta uzi kutoka mji mmoja hadi mwingine. Uzi huo utapanda kaskazini-magharibi kupitia Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger na Algeria, kisha utapita karibu na mji wa Marrakech nchini Morocco ndipo uingie baharini.

Juu ya Atlantiki, uzi huendelea kupanda hadi kusini mwa kisiwa cha Newfoundland nchini Kanada, halafu hushuka kidogo kuelekea New York. Njia ya rula ni ndefu kuliko hiyo kwa zaidi ya kilomita 300.

Hata hivyo, ndege haifuati uzi huo kwa ukamilifu. Marubani hupangiwa njia kila siku kwa kuzingatia upepo, hali ya hewa na usalama wa anga za nchi zinazopitwa.

Mwaka 2023 ulitoa mfano ulio wazi. Vita vilivyozuka nchini Sudan Aprili 15 mwaka huo vilisababisha anga ya nchi hiyo kufungwa kwa ndege za abiria. Agosti mwaka huo huo, baada ya mapinduzi ya kijeshi, Niger nayo ilifunga anga yake kwa wiki kadhaa. Ndege zilizokuwa zikipita eneo hilo zililazimika kuzunguka, na kila mzunguko una gharama ya mafuta na dakika.

Kwa nini kwenda si sawa na kurudi

Ndege kubwa za abiria husafiri kwa mwendo wa takriban kilomita 900 kwa saa zikiwa juu. Kwa mwendo huo, kilomita 11,840 zingemalizika kwa takriban saa 13 na dakika 10. Ratiba, hata hivyo, huonyesha zaidi ya hapo.

Sababu ya kwanza ni kwamba muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa mwisho wa safari. Ndani yake umo muda wa kutembea chini kwenye lami, kusubiri zamu ya kuruka, kupaa, kushuka, na kuzunguka juu ya uwanja wenye msongamano.

Sababu ya pili ni upepo. Katika maeneo ya kaskazini mwa dunia, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 ambako ndege hizi hupita, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayokwenda New York hukutana na upepo huo usoni, na inayorudi Nairobi husukumwa nao mgongoni.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha tofauti. Upepo wa usoni wa kilomita 60 kwa saa ukiikabili ndege njia nzima, mwendo wake juu ya ardhi hubaki kilomita 840 kwa saa, na safari huchukua saa 14 na dakika 6 angani. Upepo huo huo ukiwa mgongoni, mwendo hufikia kilomita 960 kwa saa, na safari huisha kwa saa 12 na dakika 20.

Kwa kawaida upepo huwa mkali zaidi miezi ya baridi ya kaskazini, ndiyo maana ndege moja katika njia moja inaweza kuwahi leo na kuchelewa kesho bila ya kuwapo hitilafu yoyote.

Wapo wanaodhani kwamba tofauti hiyo inatokana na dunia kuzunguka chini ya ndege. Dhana hiyo si sahihi. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege iliyomo ndani ya hewa hiyo huzunguka nayo, kama vile abiria aliyesimama ndani ya basi anavyokwenda pamoja na basi.

Hesabu ya saa na tarehe

Kenya, kama Tanzania na Uganda, iko saa tatu mbele ya saa za kimataifa mwaka mzima. New York hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka.

Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, New York huwa nyuma ya Nairobi kwa saa 7. Miezi iliyobaki huwa nyuma kwa saa 8. Utaratibu wa tarehe hizo umetumika Marekani tangu mwaka 2007.

Tuchukue mfano wa ndege inayoondoka Nairobi Jumatatu saa 5:25 usiku mwezi Januari na kutumia saa 15. Saa ya Nairobi itakuwa saa 8:25 mchana wa Jumanne ndege inapofika. Ukitoa saa 8, New York itakuwa saa 12:25 asubuhi ya Jumanne. Kwa macho, tiketi itaonyesha safari ya saa 7 tu.

Kurudi ni kinyume. Ndege ikiondoka New York Jumatano saa 6:25 mchana, mwezi huo huo wa Januari, Nairobi tayari ni saa 2:25 usiku. Ikitumia saa 14, itatua Nairobi saa 4:25 asubuhi ya Alhamisi. Kwa macho, tiketi itaonyesha saa 22.

Kwa hiyo, tofauti kati ya saa ya kuondoka na saa ya kufika zilizoandikwa kwenye tiketi siyo urefu wa safari. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika, na urefu wa safari huandikwa mahali pake.

Kwa familia, hesabu hii ina uzito wa pekee. Ndugu anayeishi Marekani akiambiwa kwamba mazishi ni Jumamosi asubuhi, akaondoka New York Ijumaa mchana akidhani amewahi, atatua Nairobi Jumamosi asubuhi, saa ambayo waombolezaji wameshakusanyika kaburini. Bado ana foleni ya uhamiaji, mizigo, na pengine safari ya basi hadi kijijini. Ili awahi, hana budi kuondoka New York si chini ya siku mbili kabla.

Usiku wa kuamkia

Kosa jingine linatokana na tofauti kati ya saa za Kiswahili na saa za tiketi. Tiketi hutumia saa 24 na kuanza siku mpya usiku wa manane. Katika mazungumzo ya kawaida ya Kiswahili, usiku huo bado ni mwendelezo wa jioni iliyotangulia.

Tiketi iliyoandikwa saa 00:40 ya Jumanne tarehe 12 maana yake ni saa 6:40 usiku wa kuamkia Jumanne. Msafiri anatakiwa awe uwanjani jioni ya Jumatatu tarehe 11. Anayekwenda uwanjani Jumanne usiku atakuta ndege yake iliondoka takriban siku nzima iliyopita.

Kanuni ya kugeuza saa ni nyepesi. Kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa 6: yaani 13:00 ni saa 7 mchana. Kuanzia 19:00 hadi 23:59, toa 18: yaani 23:25 ni saa 5:25 usiku. Kuanzia 00:00 hadi 06:59, ongeza 6: yaani 00:40 ni saa 6:40 usiku, na tarehe iliyoandikwa ni ya siku inayokuja.

Kutoka safari ya wanafunzi hadi ndege ya moja kwa moja

Njia ya Nairobi na New York ina historia katika elimu ya Kenya. Septemba 1959, wanafunzi 81 walisafirishwa kwa ndege ya kukodi kutoka Nairobi kwenda kusoma Marekani, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Mwaka 1960, miongoni mwa waliokwenda chini ya mpango huo alikuwamo Wangari Maathai, aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004.

Wakati huo uwanja mkuu wa New York uliitwa Idlewild. Ulipewa jina la Rais John F. Kennedy Desemba 1963, mwezi mmoja baada ya kuuawa kwake. Ndege za enzi hizo hazikuwa na uwezo wa kuruka umbali huo bila ya kutua kuongeza mafuta.

Juni 2009, shirika la Delta la Marekani lilikuwa tayari kuanza safari za kuja Nairobi kupitia Dakar, lakini safari ya kwanza ilifutwa dakika za mwisho baada ya mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani kukataa kutoa kibali kwa sababu za kiusalama.

Februari 2017, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) iliipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga. Daraja hilo ndilo linaloruhusu mashirika ya nchi kuomba kuanzisha safari za moja kwa moja kwenda Marekani.

Oktoba 28, 2018, shirika la Kenya Airways lilirusha ndege yake ya kwanza ya moja kwa moja kwenda New York, katika hafla iliyohudhuriwa na Rais Uhuru Kenyatta. Safari hizo zilisitishwa mwaka 2020 kutokana na janga la Covid-19, kisha zikarejeshwa.

Uzito, mafuta na kimo cha Nairobi

Ndege iliyotumika kuanzisha njia hiyo ni Boeing 787-8, yenye viti 234 katika mpangilio wa shirika hilo. Wakati wa uzinduzi ilielezwa kwamba kila safari ingehitaji marubani 4, wahudumu 12 na takriban tani 85 za mafuta kwa upande mmoja.

Marubani huwa wanne kwa sababu hakuna binadamu anayeruhusiwa kukaa usukani saa zote hizo. Wawili huongoza ndege wakati wenzao wamelala katika chumba maalumu, kisha hupokezana.

Nairobi ina changamoto yake. JKIA uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mabawa hupata nguvu kidogo ya kuinua ndege, na injini nazo hupungukiwa. Jua la mchana huifanya hewa iwe nyepesi zaidi.

Hivyo ndege iliyosheheni mafuta ya saa 15 huhitaji ama njia ndefu zaidi ya kurukia au mzigo uliopunguzwa. Kuruka usiku, hewa ikiwa imepoa, husaidia kupunguza tatizo hilo, na huwafikisha abiria New York asubuhi wakiwa na siku nzima ya kuendelea na safari.

Kwa kulinganisha, safari ndefu kuliko zote duniani kati ya zile za ratiba zisizotua njiani, ya Shirika la Ndege la Singapore kutoka Singapore hadi JFK, iliyoanza Novemba 2020, ni ya zaidi ya kilomita 15,300 na huchukua zaidi ya saa 18.

Wanaobadilisha ndege

Kutoka Dar es Salaam hadi New York ni takriban kilomita 12,400 kwa njia fupi, na kutoka Entebbe ni takriban kilomita 11,400. Wasafiri wa miji hiyo hubadilisha ndege mahali fulani, na mahali hapo hubadilisha urefu wa safari.

Nairobi hadi Amsterdam ni takriban kilomita 6,680, na Amsterdam hadi New York ni takriban kilomita 5,850. Jumla ni kilomita 12,530, yaani zaidi ya njia ya moja kwa moja kwa takriban kilomita 690 tu. Dar es Salaam hadi New York kwa kupitia Doha ni takriban kilomita 14,600, ongezeko la takriban kilomita 2,200.

Pamoja na hayo, kinachorefusha safari zaidi ni muda wa kusubiri. Saa tano za kukaa kwenye benchi la uwanja ni sawa na kilomita 4,500 za angani. Nauli nafuu mara nyingi hupatikana kwa anayekubali kusubiri hivyo, nayo hulipiwa kwa uchovu.

Lipo suala la tiketi pia. Safari mbili zilizonunuliwa katika tiketi moja huhesabiwa kuwa safari moja: ndege ya kwanza ikichelewa, shirika huwa na wajibu wa kumtafutia abiria njia nyingine. Zilizonunuliwa mbalimbali huhesabiwa kuwa safari mbili zisizohusiana, na anayeikosa ya pili kwa kawaida hulazimika kununua tiketi mpya.

Aidha, nchi nyingine hudai viza hata kwa abiria anayepita tu uwanjani. Ni busara kuuliza mapema katika ubalozi wa nchi husika, kwa kuwa asiye na viza hiyo anaweza kuzuiwa kupanda ndege pale pale Nairobi au Dar es Salaam.

Anayekwenda mbele zaidi ya New York, kwa mfano Minneapolis au Dallas, hupita uhamiaji katika uwanja wa kwanza anaotua Marekani. Kwa kawaida hapo huchukua mizigo yake, huipitisha forodhani, kisha huikabidhi upya. Kazi hiyo huhitaji si chini ya saa tatu kati ya ndege mbili.

Ni vema pia kuhakiki jina la uwanja. Eneo la New York lina viwanja vikuu vitatu: JFK, LaGuardia na Newark. Cha mwisho kiko jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson. Anayetua JFK na ndege yake ya pili ikawa inaondoka Newark ana jiji zima la kuvuka na mizigo yake.

Mwili nao husafiri

Hewa ndani ya ndege iliyo juu hufanana na ya mlimani. Katika ndege nyingi hulingana na kimo kisichozidi mita 2,400; katika Boeing 787 hulingana na takriban mita 1,800, juu kidogo ya Nairobi. Hewa hiyo ni kavu, hivyo inashauriwa kunywa maji mara kwa mara na kupunguza pombe.

Kukaa saa nyingi bila ya kunyoosha miguu kunaweza kusababisha damu kuganda kwenye mishipa ya miguuni. Wajawazito, wazee, waliofanyiwa upasuaji karibuni na waliowahi kupata tatizo hilo wamo katika hatari zaidi, na wanapaswa kumwona daktari kabla ya kukata tiketi. Abiria wote hushauriwa kusimama na kutembea kila baada ya saa chache.

Wanaotumia dawa kwa saa maalumu, wakiwamo wagonjwa wa kisukari wanaojidunga insulini, wanatakiwa kupanga na daktari namna ya kuhamisha saa hizo. Siku ya kwenda New York hurefuka kwa saa 7 au 8, na siku ya kurudi hufupika kwa kiasi hicho. Dawa ziwekwe katika begi la mkononi pamoja na cheti cha daktari, kwa kuwa mzigo wa chini unaweza kuchelewa.

Usingizi pia huvurugika. Mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea saa mpya, na wengi huona kurudi Afrika Mashariki kuwa kugumu zaidi kuliko kwenda, kwa sababu ni vigumu kujilaza mapema kuliko kuchelewa kulala. Mwenye mtihani, mahojiano au kikao muhimu anashauriwa kufika siku mbili au tatu kabla.

Ratiba za mashirika hubadilika kila msimu, na idadi ya safari kwa wiki huongezwa au kupunguzwa kulingana na abiria. Msafiri anashauriwa kuhakiki saa na tarehe siku moja kabla ya kuondoka, na kumwandikia anayempokea mambo manne: namba ya ndege, jina la uwanja, siku ya kufika, na saa ya kufika kwa saa za mji wa mpokeaji.